Yai la Bukini Mgongoni Mwangu

Wenzangu wa kwenye mayai, mmeniuliza sana. Mara mkono umefanyaje, mara kweli wewe ndiye yule mama wa kwenye simu, mara ulikuwa umebeba jini. Kila mmoja nimemjibu robo robo kwa sababu mteja akitokea nanyamaza. Sasa naandika mara moja, msome wote, tumalizane. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayeona nimekosea herufi akae nazo.

Na majina nitayataja. Nassoro wa Mtaa wa Sikukuu. Ngwelo dalali. Mama Shani wa vitumbua na Chande fundi pikipiki, wote wa Ilala. Wakiona nimewaonea, wanajua ninapouzia.

Safari yenyewe haikutoka nje ya mji. Kutoka Sikukuu kwenda Kisutu, kurudi Kariakoo, kupita Ilala mpaka Buguruni, mtu mwenye miguu mizima anamaliza asubuhi na anarudi kupika. Mimi nilitoka baada ya swala ya alfajiri nikafika adhana ya magharibi inaadhiniwa. Nimewahi kwenda Kigoma kwa treni, siku zile inasimama porini bila sababu. Ile ilikuwa fupi.

Sikukuu

Bi Zuhura wengi mnamjua, yule bibi wa Kiarabu wa nyumba ya chini, ya mwisho kubaki katikati ya maghorofa. Chumba chake cha uani nilipanga miaka kumi na minane. Juu ya kitanda chake palikuwa na yai, linaning'inia kwenye wavu wa kamba ya nazi uliofungwa kwenye boriti. Si la mbuni. La mbuni nimeliona, ukiliweka kando ya hili utadhani la kware. Babu yake alifanya biashara Bukini, huko Madagaska, akarudi nalo. Rangi yake kama chai ya maziwa iliyopoa. Kila akitaka kulala, Bi Zuhura alinyoosha mkono akaligusa kwanza. Macho yalipoanza kumwishia, akawa analigusa na akiamka, ajue yuko wapi.

Nassoro ni mtoto wa marehemu kaka yake. Ramadhani ilipokwisha alikuja akamwambia shangazi yake nyumba inapakwa rangi, ahamie kwake Buguruni wiki mbili. Sisi wapangaji akatupa siku tatu. Rangi gani inapakwa kwa tingatinga, sijui.

Nikaenda kumwona Buguruni. Nilimkuta amebaki mifupa na shanga. Hali, halali, mkono wake wa kulia uko hewani juu ya kitanda unatafuta. Mke wa Nassoro akaninong'oneza kwamba daktari ameshasema wamwache apumzike tu.

"Mwanahawa mwanangu," Bi Zuhura akaniambia, "hawa wanasema yai langu limeanguka limevunjika. Wewe umeona maganda?"

"Sijaona, Bi mkubwa."

"Basi niletee. Nikiligusa nitalala."

Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu, hakuna nyingine. Kumpelekea kabla hajafa.

Jumamosi asubuhi nikafika Sikukuu mvua ikiwa imeanza. Upande wa mbele wa nyumba ulikuwa kifusi, lakini ukuta wa chumba chake ulisimama, na boriti, na juu kule kipande cha kamba kinacheza na upepo. Nikaangalia ncha yake. Imekatwa kwa kisu, safi. Kitu kilichoanguka chenyewe hakikatwi kamba.

Mlinzi wa pale alikuwa anakula chapati na chai ya rangi chini ya bati. Nikamsalimia, nikamuuliza nani alishusha lile dude. Akatafuna kwanza mpaka akamaliza.

"Ngwelo," akasema. "Alilitia kwenye gunia la mchele. Kalipeleka Kisutu kwa yule mzee wa saa. Ila mama, mimi nakwambia, gunia lile lilikuwa linagonga."

"Linagonga nini?"

"Ndani. Kama mtu anapiga hodi kwa kidole kimoja."

Nikamwambia asinitanie, mimi nimelala ukuta mmoja na lile yai miaka kumi na minane sijasikia kitu. Akajibu kwamba likining'inia halitikiswi. Hilo lilikuwa la kweli, na sikulipenda.

Kisutu, kusubiri duka

Bwana Kirit anatengeneza saa za ukutani na anauza vitu vya zamani. Duka linafunguliwa saa tatu. Siku ile lilifunguliwa saa sita, maana maji yalikuwa yamejaa barabarani kwao na yeye ni mzee. Nikakaa kibarazani saa tatu nzima. Mama mmoja wa duka la jirani alinipa chevda kwenye karatasi, ule mchanganyiko wa Kihindi wa kukaanga, nikatafuna taratibu ipate kunifikisha.

Kunguru mnawajua. Hakuna kitu mjini hapa kinachopiga kelele kama kunguru, na sisi wa mayai ndio tunaowajua zaidi, wametuibia kiasi gani. Pale Kisutu walikuwa wamepanga mstari kwenye nyaya za umeme, wamelowa, mdomo umefungwa. Wengi. Wote wameelekea mlango wa Bwana Kirit. Nikarusha punje ya chevda barabarani. Hakuna aliyeshuka.

Mzee alipofika nikamwamkia, nikamweleza nimetumwa na nani. Akasimama na funguo mkononi.

"Bi Zuhura yupo hai? Ngwelo kaniambia mwenye mali alifariki."

"Yupo. Hajamaliza."

"Mimi nilikuwa natumwa dukani kwa baba yake kununua vitambaa. Yeye alikuwa ananipa kashata." Akafungua mlango. "Mayai mimi sili, mama, dini yangu hainiruhusu. Lakini hili nimelipenda. Tangu juzi sijafanya kazi."

Yai lilikuwa juu ya meza kati ya saa zilizofunguliwa matumbo, limekalia pete ya taulo. Nikamuuliza ni la ndege gani hasa, maana kwa Bi Zuhura tulikuwa tunasema tu la Bukini.

Akaniambia wenyewe wataalamu wanamwita ndege tembo. Hawezi kuruka. Akisimama mlangoni kichwa kinapita juu ya fremu, mapaja kama ya ng'ombe. Ndani ya yai lake yanaingia mayai ya kuku kama trei tano. Nikaliangalia nikapiga hesabu ya kazi yangu, nikaona kweli, trei tano.

"Na sasa wako wapi?"

"Hakuna. Mamia ya miaka. Watu walifika kisiwani, wakachoma misitu, na yai moja linalisha ukoo mzima. Ungekuwa wewe ungeliacha?"

"Nisingeliacha," nikasema.

"Ndivyo wote walivyosema. Hakuna aliyemuua wa mwisho akijua ni wa mwisho. Alikula akalala."

Saa zake zote zilikuwa zinatembea, kila moja na dakika yake. Akaniuliza mimi kama mtu wa mayai ninalionaje. Nikatoa simu, nikawasha tochi, nikaomba azime taa. Mnajua tunavyopima: tochi nyuma ya yai, ukiona jua zima ni jipya, ukiona damu au kivuli ni viza. Hili mwanga haukupita, ganda lina unene kama wa sahani. Basi nikalishika kwa mikono miwili, nikaweka sikio, nikaligeuza taratibu kama tunavyofanya.

Tok.

Nikaligeuza tena. Tok, na kitu kikavu kikateleza nyuma yake, kama shanga kwenye kibuyu.

"Bwana Kirit," nikasema, "hili ni viza. Halijatobolewa. Yumo."

Mzee akakaa. Akasema Ngwelo hajui hilo, na mnunuzi anakuja Jumatatu. Kisha akasema yeye hakununua kitu, aliwekewa tu akitazame, na mwenye mali akituma mtu yeye hana la kuzuia. Akanipa pamba mfuko mzima. "Nenda kabla sijafikiri," akaniambia.

Kisutu mpaka uchochoro wa kuku

Kupanda gari sikutaka. Kwanza magari yalikuwa yamesimama kwenye maji, abiria wamekunja suruali wanashuka. Pili, kitu kama kile ukikipandisha bodaboda ni umekiua. Na kichwani, pale Kariakoo kwenye miavuli na wapagazi na mikokoteni, hata mimi ambaye sijavunja trei miaka ishirini nisingethubutu. Nikalizungushia pamba, nikalifunga mgongoni kwa kanga mbili, nikafunika kanga ya tatu juu kwa ajili ya mvua. Mgongo wa mwanamke ndio chombo kisichotikisa.

Ukiniona kwa mbali ni bibi na mtoto. Sikulifikiria hilo mapema, na ndilo lililoniumiza. Pale mwanzo lilinifaa. Mnazi Mmoja watu walinipisha. Kijana wa mkokoteni akaniambia, "Pita mama, mfunike miguu mtoto, baridi." Nikasema ahsante.

Kila hatua, tok. Nikiharakisha linaharakisha. Nikisimama linasimama. Ni kisigino cha mtoto hasa, pale chini ya bega, waliozaa wanajua. Nikaanza kutembea kwa mwendo wake badala ya wangu. Kunguru walikuwa wanakuja na mimi, waya hadi waya, bila sauti. Nilijiambia wanafuata harufu ya pamba, halafu nikajiuliza pamba ina harufu gani.

Kufika Kariakoo mvua ikamwagika kama ndoo. Nikaingia uchochoro wa kuku, kwenye yale matenga. Mnapajua palivyo, kuku mia wanalalamika, mchinjaji anagombana na mteja, maji ya moto, manyoya, harufu. Nikaingia hatua tatu na kelele zikakatika.

Si kupungua. Zilikatika. Kuku wa kisasa, wa kienyeji, majogoo, wote wakakaa chini kwenye matenga, shingo zimeingia ndani, kama mwewe amepita. Mchinjaji akabaki na kisu hewani. Tukawa tunasikia mvua kwenye mabati na mtu mmoja anakohoa.

"Mdondo huo," akasema mwenye tenga la karibu. "Mdondo umeingia, utafagia kuku wote, tumekwisha."

"Mdondo hauji kwa dakika," mchinjaji akamjibu. Akaniangalia mimi, akaangalia mgongo wangu. "Mama, umebeba nini?"

"Mjukuu."

Huo ndio uongo wa kwanza. Niliogopa nikisema yai watataka kuliona, na Ngwelo ana watu kila kona ya soko lile. Nikaona mtoto hana anayemwibia. Akili yangu ilifika hapo.

Mchinjaji alinyoosha kisu kuelekea kule nilikotoka, taratibu, kama mtu anayeonyesha njia kwa heshima. Nikatoka mvuani. Nilikuwa nimefika kona ya pili ndipo nikasikia kuku wa kwanza akilia nyuma yangu.

Miguu yao mmeshawahi kuiangalia? Ile ya kuku. Magamba, kucha tatu mbele na moja nyuma. Nimeuza mayai maisha yangu yote sijawahi kuiangalia kama siku ile. Bwana Kirit aliniambia ndege hawa wote ni jamaa, wakubwa walikwisha wakabaki wadogo wanaokaa matengani. Nikawaza, hawa wangetuogopa sisi ingekuwa sawa. Kwa nini wamwogope wa kwao?

Ilala

Hapa ndipo nisikilizeni vizuri, maana kwenye simu zenu mmeona kipande tu.

Njaa ilikuwa imenishika. Saa kumi imepita, tumboni nina chevda. Nikajibanza kwenye banda la Mama Shani, nikaagiza chai na vitumbua viwili. Palikuwa na wanawake watatu, na kwa jirani mafundi pikipiki wamekimbilia mvua, na Chande yumo. Ng'ambo yake fundi Pazi anagonga masanduku yake ya bati.

Mama Shani ni mtu wa macho. Alinitazama nikila mpaka kitumbua cha pili.

"Huyo mtoto mbona hajalia tangu umefika?"

"Kalala."

"Kwa mvua hii na nyundo ya Pazi? Mtoto wa nani?"

"Mjukuu wangu."

"Anaitwa nani?"

"Zuhura."

"Ana miezi mingapi Zuhura?"

Nikasema mitatu. Nikaona nimejibu haraka mno. Yule mama mwingine akacheka, akasema mitatu na ukubwa ule, anakula ugali? Nikacheka nao. Nikainuka nilipe niondoke, na nilipoinuka, tok.

Mama Shani akasikia. Akaja nyuma yangu, nikajua anakuja, nikashindwa kugeuka kwa sababu ya benchi. Akaweka kiganja mgongoni mwangu juu ya kanga. Alikiweka kwa huruma, hilo nitamkubalia.

Akakitoa.

"Mgumu," akasema kwa sauti ndogo. "Wa baridi. Jamani, mtoto huyu amekufa. Huyu mama anatembea na maiti."

Pale pale ningesema yai. Nimejiuliza mara ngapi. Kinywa kilikuwa na kitumbua, na kichwa kilikuwa kimeshajipangia mtoto, nikasema, "Muache alale." Hilo ndilo nililosema, wenzangu. Muache alale.

Chande akaruka ukuta wa matairi. Hakuniuliza swali hata moja. "Mwizi wa watoto," akapaza, na mnajua neno hilo likipazwa Ilala linavyokwenda. Watu walitoka walikokuwa wamejificha mvua. Nikavutwa kanga ya juu, nikapigwa ngumi ya sikio, nikaona viatu. Nikajikunja upande, niliangukia mkono wa kushoto kwa kukusudia ili mgongo usifike chini. Ule mkono nikausikia ukivunjika. Mtu akasema tafuteni tairi. Mimi nimeishi mji huu miaka arobaini, najua tairi ni la nini.

Nikapaza shahada. Sikuona sababu ya kusema kingine.

Chande akarusha jiwe. Wengine walipiga kwa mikono na miguu, yeye peke yake alirusha jiwe, na alirusha kwenye mgongo, kwenye kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa anasema ni mtoto. Mtu akupigie kelele kwamba unaua mtoto, halafu ampige mtoto kwa jiwe. Chande, jibu hilo siku moja.

Yai likalia kama sahani inavyolia kwenye sakafu.

Kanga ikafunguka. Yai likateleza, nusu yake iko mgongoni kwangu, nusu kwenye matope, pamba imetapakaa. Na katikati ya pamba akalala yeye. Mifupa ya rangi ya kahawia, mingine bado imeshikana kwa ngozi kavu. Amejikunja, kichwa kimeingia chini ya bawa ambalo si bawa, ni kijiti. Miguu imekunjwa mpaka kidevuni. Kucha.

Wakarudi nyuma wote. Hakuna aliyepiga kelele. Wale waliokuwa wameshika simu walizishika hivyo hivyo, mikono imesimama, ndiyo hiyo picha mliyoiona. Juu kwenye nyaya kunguru walikuwa wamejaa mpaka waya umelegea. Mvua ikapungua ghafla. Katika kimya kile nikasikia, na Mama Shani akasikia maana nilimwona uso, tok. Moja tu. Yai limevunjika, mifupa iko wazi mbele yetu, haigongani na kitu. Sina maelezo. Nimewaza nyundo ya Pazi, lakini Pazi alikuwa amesimama karibu yangu mikono mitupu.

Wakatawanyika. Mtaa ukabaki na maji yanayotembea.

Fundi Pazi peke yake akachuchumaa. "Dada, unaweza kukaa?" Akanifunga mkono kwa vipande viwili vya mbao na kitambaa cha kilemba chake. Hakuuliza mnyama gani. Akaleta kisanduku cha bati alichokuwa anakimalizia, akaniokotea maganda moja moja, akayafuta kwa shati lake. Mifupa nikaiokota mwenyewe kwa mkono mmoja, nikaifunga kwenye pindo la kanga.

"Unampeleka wapi?"

"Buguruni. Kwa mgonjwa."

"Twende," akasema. "Mimi nitabeba sanduku."

Ilala mpaka Buguruni

Kipande hiki sikikumbuki vizuri, nilikuwa na homa ya mkono. Nakumbuka maji ya magotini na Pazi ananiambia weka mguu hapa, weka hapa. Nakumbuka alininunulia muhogo wa kuchoma nikashindwa kuumeza. Nakumbuka nilimwambia tusimame, na tuliposimama nikatega sikio. Kimya. Mlio ule wa kugonga ulikuwa umenichosha mchana kutwa, na sasa nikautafuta.

Kunguru hawakutufuata tena.

Chumbani

Nassoro hakuwepo, yuko mjini na Ngwelo. Mke wake alipoona hali yangu akanipisha bila neno, akaenda kuchukua maji. Pazi akaweka sanduku mlangoni, akasema pole mama kwa mgonjwa, akaondoka. Alikuwa ameshafika barabarani ndipo nikakumbuka kilemba chake kiko mkononi kwangu.

Bi Zuhura alikuwa hai. Mkono wake uko hewani.

"Bi mkubwa, nimelileta. Lakini limevunjika. Nisamehe."

Nikatazamia alie. Akasema, "Nipe ulivyo navyo."

Nikampa kipande kikubwa cha ganda, akakipapasa upande wa nje, akakitambua, akaitikia kwa kichwa. Nikachukua sahani iliyokuwa kando ya bakuli lake la supu ya kuku, supu imepoa hajaigusa, nikafungua pindo la kanga, nikamimina mifupa kwenye sahani, nikauongoza mkono wake.

Hakushtuka. Akatembeza vidole kama anachambua mchele. Akatoa mmoja, akauweka mbele. Mwingine. Bibi yule hakuona kitu, lakini amechambua kuku maisha yake yote. Paja likaenda mahali pa paja, shingo mahali pa shingo.

"Ana miguu mirefu," akasema.

"Walikuwa wakubwa. Wanapita mlango."

"Wako wapi wenziwe?"

"Wamekwisha, Bi mkubwa. Kabla hata ya babu yako."

"Kwa hiyo nimelala naye miaka themanini." Alisema kama mtu aliyeambiwa jirani yake alikuwa ndugu.

Akafika kwenye kichwa. Kidole chake kikashuka kwenye mdomo, kikasimama kwenye ncha.

"Hiki nini? Hapa juu, kinachoma."

Nikainama nikaangalia. Wenzangu, nyinyi mnaoangulisha mnajua. Kifaranga anaota kitu kidogo kigumu juu ya mdomo, kama punje ya chumvi, cha kutobolea ganda. Hakipati mapema. Anakipata akishakamilika, amegeuka, anasubiri kutoka. Na kabla ya kutoka anagonga.

Nikamweleza.

"Alibakiza siku ngapi?"

"Mbili. Zikizidi tatu."

Akakaa na kidole chake pale. Nje adhana ilikuwa inamalizika. "Siku mbili," akasema. "Na hakuna aliyemsubiri."

Tukasikia gari la Nassoro. Tukamsikia na Ngwelo, wanazungumza kwa sauti juu ya picha za kwenye simu, nani kavunja, kama vipande vinaweza kuungwa na gundi. Nilitaka kuificha mifupa, mkono mmoja haukunitosha. Bi Zuhura akapapasa, akashika bakuli la supu, akalimimina lote juu ya sahani. Akachovya vidole, akavitia mdomoni, akavilamba.

Nassoro akaingia. Akaona sanduku, akalifungua, akahesabu maganda kwa macho. Mimi sikumwamkia, yeye hakuniuliza mkono umefanyaje.

"Shangazi, leo umekula. Alhamdulillahi."

"Nimekula, mwanangu."

Akaniangalia mimi, akaonyesha sahani kwa kidevu. "Hiyo mifupa iondoe, itajaza nzi."

Nikaiondoa.

Bi Zuhura alilala usingizi usiku ule, mke wa Nassoro ni shahidi. Alikufa Alhamisi. Nilisaidia kumwosha kwa mkono mmoja. Maganda Ngwelo aliyarudisha Kisutu, Bwana Kirit akakataa hata kufungua sanduku, nasikia mnunuzi naye amesema bila kilichokuwa ndani hana haja.

Mkono haujanyooka, trei siku hizi nabeba moja moja. Kilemba cha fundi Pazi nimekifua, nitakipeleka mwenyewe. Na mifupa niliyoambiwa niondoe niliisuuza supu nikaikausha, na mahali ilipo ninapajua mimi. Nassoro, kama umefika hapa kusoma, ulichochukua ni maganda.